Ukiitwa kwa Barza, Ukumbuke Ulikula kwa Nani

Karatasi ya kuitwa kwa barza haina uzito. Ni nusu ya ukurasa wa daftari ya shule, na tampo, ule muhuri wa shefu wa avenyu yetu, imelala upande sawa mulevi. Lakini ile siku waliniletea, nilikaa chini. Nilikuwa naunga mulango ya chuma. Nikazima mashini, nikaisoma mara tatu.

Muke wangu akauliza, "Umeshitakiwa?"

"Mubaya kuliko ile. Wanataka miye njo nikate kesi ya watu."

Alicheka mpaka mboga ya sombe ikaungua kwenye moto. Sikumukasirikia. Miye niliachia segonderi mwaka wa tatu. Walimu walisema akili iko, lakini hawakuona fasi iko. Mutu sawa miye ukimuweka kwenye kiti ya kukata kesi, kiti yenyewe inaweza kuomba ruhusa itoke.

Nikavuka barabara, nikaenda kwa Mama Zuzi.

Zuzi, kwetu Goma, ni mutu anayekata kesi. Yeye hakuwa zuzi wa serikali. Alikuwa muuza makala, makaa ya kupikia, kwa mutaa wetu wa Mabanga, mama wa kutoka upande wa Bukavu, Mukatoliki wa misa ya saa kumi na mbili, vidole vyeusi mpaka kwenye kucha. Lakini miaka mingi alikaa kwa barza ya avenyu yetu, ile yenye wazee watano wanaketi kwa biro ya shefu, wanasikiliza watu wenye kugombana mbele ya kesi kufika kwa tribinali, mahakama ya serikali. Hata tribinali yenyewe, ikiwa na kesi ya desturi, ilikuwa inamuitaka akae pembeni ya mazuzi wa suti, awaelezee namna watu wa kwao wanafanyaka. Alikuwa anaenda na blauzi nyeupe ya kupiga pasi, na vile vidole vyake vyeusi juu ya meza yao safi. Tangu vita iingie muji, tribinali ikafunga milango, na barza njo ilibakia. Mutu akishindwa pale, hana tena kwa kwenda.

Nasema mapema ili mutu asiniulize kwa mwisho juu ya nini nimeacha kuchekesha: hii habari inaenda kwenye nyumba yake. Nyumba ya mbao, vyumba vitatu, na aneksi, kanyumba ka nyuma. Aliingia ndani bibi-arusi, akazeekea ndani. Ilikuja kukatiwa kesi kwa barza ile ile, na miye nilikuwa mumoja wa wale watano.

Lakini siku ile ya karatasi, hakuna mwenye alijua. Alinikuta nimesimama kwa mulango na uso ya mutu wa kupelekwa operesheni.

"Wamekuita," akasema.

"Mama, nani aliwapa jina yangu?"

"Miye. Magoti yangu imechoka kupanda ngazi ya shefu."

"Na watu wote wenye akili wa hii avenyu?"

"Wenye akili wanajisikiliza. Weye unachekesha watu. Mutu akicheka, anasahau uwongo alikuja nao."

Akanipa kiti, akanifundisha asubuhi yote, huku akiuza makala. Alisema nikule kwangu mbele niende, nikule nishibe, juu mutu wa njaa anakata kesi haraka ili arudie nyumbani. Alisema kiti nitapewa itakuwa na muguu moja fupi, nisihangaike nayo. Nitaona muke wa mutu analia, nitasikia roho inayeyuka. "Angalia mikono," akasema. "Mwenye kulia kweli anasahau mikono yake. Mwenye kuigiza anajipanguza muzuri." Alisema nitashangaa kuona kesi nyingi hazina muongo. Watu wawili wanasema kweli, na kweli zao zinagongana.

"Mwenye anasema wa kwanza, utaona iko na haki. Usishituke, ni vile kila mara. Kisha wa pili anasimama, utaona na yeye iko na haki."

"Sasa hapo nifanye nini?"

"Hapo njo kesi inaanza. Hapo njo wengine wanaulizaka saa."

Hakuwa mutu wa sauti. Sijawahi kumusikia anamukatiza mutu neno. Alikuwa anauliza maswali ya jikoni. Kulikuwa na kesi moja ambayo Mabanga inaicheka mpaka leo. Wakati volkano ilishuka ndani ya muji, iliingia kwenye parsele, viwanja vya watu, sawa uji ya moto, na ilipopoa ikabakia mawe nyeusi juu ya mupaka yote. Watu walijenga juu yake. Miaka ikapita, majirani wawili wakaanza kugombania kipande ya hatua tano. Kila mumoja iko na mashahidi, kila mumoja anaapa kwa mama yake. Wazee wakasikiliza siku nne, wakachoka. Mama Zuzi akauliza, "Choo zenu za zamani zilikuwa wapi?"

Wote wawili wakaonyesha kile kile kipande.

"Muzuri. Kila mumoja aweke alama fasi shimo ilikuwa. Kisha mutapasua."

Wakapasua mawe siku mbili, na nyundo, na kutukanana. Kwa alama ya wa kwanza ikatoka mawe, na chini ya mawe, udongo ngumu ya Mungu. Kwa alama ya wa pili ikatoka shimo. Kuna wenye kusema hata harufu ilitoka. Hao wananogesha. Ilikuwa shimo tu, na kipande ya bati iliyoungua. Lakini kesi ilikwisha pale pale. Nilimuuliza alijuaje. Akasema, "Mutu anaweza kukosea mupaka. Lakini fasi alikuwa anakimbilia na tumbo ya kuuma, ile anaijua mpaka kufa."

Sasa usifikiri namuchora mutakatifu. Kwa makala, Mama Zuzi alikuwa mwizi. Alikuwa anapanga vipande vikubwa chini, vimesimama, katikati upepo mutupu, kisha juu anafunika na vidogo. Ndoo inajaa haraka, inaisha haraka. Miye mwenyewe niliwahi kumwambia: "Mama, kwa barza hauibi hata neno ya mutu, kwa makala unatuuzia hewa."

Hakuona hata haya. "Ndoo mutu anaiona na macho. Kama haimupendezi, kuna mama mwingine pale kwa kona. Kesi, mutu haioni ndani, na hana kona ingine."

Nikanunua ndoo mbili.

Kitu kilichokuwa kinawasumbua watu zaidi ni kwamba hakuwa anakula kwa mutu. Kwa barza yetu kuna desturi ambayo sijaisikia kwa avenyu zingine. Mbele kesi ifunguliwe, shefu anasimama, anauliza wale watano: "Nani amekula kwa hawa wawili?" Mwenye amekula bugali kwenye nyumba ya mumoja wa wenye kesi, bugali aliyopikiwa yeye, anasimama, anatoka, wanaita mutu mwingine kwa fasi yake. Wanasema ulimi ikionja chungu ya mutu, inakuwa ya ule mutu kidogo. Chakula ya matanga haihesabike, juu kwa matanga kila mutu anakula. Kinywaji pia haihesabike. Kulikuwa na shefu mumoja zamani alitaka kuihesabu, na ni Mama Zuzi mwenyewe alikataa. "Tukihesabu pombe," alisema, "hapa Goma kesi itakatwa na nani? Na watoto wa kunyonya?" Wote wakacheka, wakapiga makofi, ikapita.

Basi yeye, ili asitoke hata kwa kesi moja, hakula kwa mutu. Ukimukaribisha, anakaa, anakunywa maji, anasifu sosi kwa harufu yake, anaenda. Kwa arusi anashika sahani mpaka inapoa, kisha anaipitisha kwa watoto. Wengine walisema iko na kiburi. Wengine walisema anaogopa sumu. Siku ya Noeli, majirani wakiwa wanapitishiana sahani juu ya ua, kwake zilikuwa zinatoka, hazikuwa zinaingia. Bwana yake, mutu mupole mwenye kuendesha lori, alikuwa anasema kwa kucheka: "Miye nilioa tribinali." Alipokufa, hata ule ucheshi uliondoka ndani ya nyumba. Binti yao mumoja tu alikuwa ameolewa Bunagana. Mama akabakia na makala na kesi za watu.

Na miye. Juu miye nilikuwa mupangaji wake. Mbele nioe, nilikaa kwenye ile aneksi miaka mitatu, na mashini yangu ya kuunga, na shati mbili. Siku ya kwanza aliniona nakula mukate mukavu, nimeulowesha kwenye maji. Akarudi na bugali na sambaza, vile visamaki vya kukaanga.

"Kula. Lakini ujue, siku nikishitakiwa haunifai tena."

Nikacheka na kinywa imejaa. Muuza makala, nani atamushitaki? Nikala ile jioni, na kesho yake, na miaka mitatu. Nilikula kwake kuliko nilikula kwa mama yangu. Hata nilipooa nikahamia ngambo ya barabara, kila Siku ya Mungu, Jumapili, nilikuwa navuka, nasema nakuja kuangalia kama bawaba za mulango zinalia. Alikuwa anajua kitu nilikuja kuangalia. Ilikuwa kwenye sufuria.

Nilikaa kwa barza karibu mwaka. Nilikata kesi za mbuzi, za ukuta, za muke mwenye alimwaga maji moto kwenye lango ya mwenzake. Kila mara nilikuwa napita kwake nasimulia, na yeye ananionyesha fasi nilikosea. Mara moja nilisema neno ya kuchekesha wakati muzee moja alikuwa anaeleza kifo cha mwanawe. Sikupenda nilichosema, lakini ilitoka. Mama aliweka ndoo chini. Kisha akasema, "Kuchekesha kwako ni dawa. Dawa inatolewaka kwa mugonjwa, siyo kwa weye mwenyewe ukiogopa." Niliitikia. Sikuelewa, niliitikia tu.

Kisha shemeji yake akafika, mudogo wa bwana yake, na sanduku moja na karatasi ndani ya nailoni. Karatasi ilikuwa ya zamani, na tampo, ikisema parsele ilinunuliwa kwa jina ya ukoo. Alisema kaka yake amekufa, mutoto wa kiume hakuna, nyumba irudie kwa ukoo. Mama Zuzi hakuwa na karatasi. Alikuwa na majirani wenye walimuona anabeba mawe ya musingi kwa kichwa, na mimba ya miezi sita. Shemeji hakutukana, hakutisha. Alikodi chumba kwa kona, na kila jioni alikuwa anakaa kwa nganda, baa ya pale pale, anawatolea wazee bia, anawauliza habari ya magoti yao.

Jioni moja mbele ya kesi nilienda kwake. Alikuwa anafagia makala.

"Mama, kesho niko kwa kiti."

"Najua."

"Kesho nisemeje?"

Akasimamisha fagio. "Mwenye kesi haongeagi na zuzi mbele ya kesi. Enda kwako." Na akafunga mulango, ule mulango niliuunga miye na mikono yangu.

Kesho yake biro ilijaa mpaka dirishani. Shefu akasimama. Mama Zuzi alikuwa amekaa upande wa wenye kesi, na ile blauzi nyeupe, anaangalia ukuta. Shemeji yake upande mwingine, karatasi juu ya magoti.

"Mbele tuanze. Nani amekula kwa hawa wawili?"

Niliangalia wenzangu wanne. Wawili kati yao, jana jioni niliwaona kwa nganda, povu ya bia ya shemeji kwenye ndevu. Walikuwa wametulia, na walikuwa na haki ya kutulia. Kinywaji haihesabike. Nikamuangalia Mama. Hakugeuka. Nikafikiri: ananingojea nifanye vile alinifundisha. Nikisalia kwenye kiti, nitamuaibisha mbele ya watu wote.

Nikasimama. "Shefu, miye nilikula kwake."

"Mara ngapi?"

Na hapo, Mungu anisamehe, woga ukanishika. Nikasema, "Shefu, hesabu njo ilinitoa kwa shule."

Biro nzima ikacheka. Hata shemeji alicheka. Mama Zuzi peke yake hakucheka.

Nikatoka. Wakaita kwa fasi yangu muzee mumoja muuza misumari, mutu wa haki, mwenye kuamini karatasi kuliko macho. Sina la kumulaumu. Nilikaa inje, sikio kwenye mbao, nikasikia majirani wanaeleza mawe ya musingi, nikasikia karatasi inasomwa mara mbili. Jua lilipofika juu ya vichwa shefu akatoka kusema. Watatu kwa shemeji, wawili kwa Mama. Muuza misumari njo alikuwa wa tatu.

Unaweza kupiga ile hesabu mwenyewe. Hata miye niliipiga, na sikuhitaji shule.

Mama alimushukuru shefu, sawa vile alikuwa anawafundisha wenye kushindwa. Alipewa siku kumi na nne. Kwa zile siku aliuza makala yote yaliyobakia, na watu walishangaa: alikuwa anajaza ndoo kweli, vipande vikubwa mpaka juu, bila upepo katikati. Nilienda kununua. Alinipimia sawa wote. Hatukuongea. Siku ya kumi na tatu gari ya binti yake ilikuja, wakapakia kitanda, sufuria na sanamu ya Bikira Maria, wakaenda Bunagana. Nilikuwa kazini upande wa Katindo. Si kweli. Nilikuwa ndani ya nyumba yangu, nyuma ya pazia.

Ilipita miezi mbele nimuone tena. Mufanyabiashara moja wa Bunagana aliniitisha fremu za madirisha, nikazipeleka mwenyewe juu ya lori, nikizishika kwa kamba kutoka Rutshuru. Nilipomaliza kuziweka, nikauliza nyumba ya binti yake. Nilimukuta nyuma, kwenye kivuli ya bati, ungo ya maharagi kwenye magoti. Vidole vyake vilikuwa vimetakata. Sijawahi kuviona hivyo. Vilionekana sawa vya mutu mwingine.

"Sudeur," akasema, jina ya kazi yangu ya kuunga chuma. "Umenenepa."

"Ni huzuni, Mama. Kwa wengine inashukaka kwa macho, kwangu imeshuka kwa tumbo."

Akatabasamu kidogo. Akaniuliza habari ya avenyu. Nikamusimulia kesi zote, moja moja: ya mufereji, ya jogoo, ya bibi-arusi mwenye alirudia kwao. Yeye anasikiliza, anachambua maharagi, anakata kila kesi palepale kwa neno mbili. Mara mbili alinicheka. Nilikuwa naona tumepona. Kisha kesi zikaniisha.

"Na ile ingine," akasema.

Nilijua ni ipi.

"Ungebakia kwa kiti, ungesema nini?"

"Ningesema nyumba ni yako."

"Mbele wasome karatasi ya shemeji yangu?"

"Mbele."

"Mbele unisikie hata miye?"

"Mbele, Mama. Tangu siku ya kwanza."

Akatingisha kichwa polepole, sawa alikuwa anatingishaka kwa barza wakati mutu amesema kweli yenye inamuumiza mwenyewe.

"Basi ulifanya muzuri kutoka. Pale haukuwa zuzi. Ulikuwa mutoto wangu."

Nilitaka kushukuru. Nilikuwa nimebeba ile kitu miezi yote, na sasa alikuwa ananitua. Lakini hakuwa amemaliza. Aliweka mikono miwili juu ya maharagi, ikatulia pale.

"Wakati shefu aliuliza, niliangalia ukuta. Unajua nilikuwa nasema nini ndani ya roho?"

"Hapana, Mama."

"Nilikuwa nasema: Mungu wangu, fanya asisimame. Leo tu. Asisimame."

Macho yake ilikuwa inamwagika, na hakuinua hata kidole kuipanguza.

Nilitafuta neno ya kuchekesha. Nilitafuta kweli. Akasukuma ungo katikati yetu, nikasogeza kiti, na tukachambua, yeye upande wake, miye upande wangu, mpaka lori ya kunirudisha Goma ikapiga honi kwa barabara, ikangoja, ikaenda.